Ubao Wetu Unaishia Tisa

Jumamosi mchana, Dinie Ruesink akiwa anamenya viazi, simu ya mumewe ililia mara nne mfululizo pale mezani. Tonnie alivaa miwani, akasoma, kisha akaigeuza simu kifudifudi kama mtu aliyetumiwa matusi.

"Nani kafa?" Dinie aliuliza.

"Hajafa mtu. Wana mafua."

"Kina nani?"

"Stijn. Wale ndugu wawili wa kwa Te Velde. Na beki wetu wa kushoto."

"Mafua mwezi wa tano? Na jua lote hili? Tena wote kwa mkupuo?"

Tonnie aliinuka. Alikwenda dirishani akasimama na mikono nyuma, akitazama baiskeli zinazopita. Alikuwa mwenyekiti wa klabu ya mpira ya kijiji, Standvast, kwa miaka chungu nzima, na mkewe alikijua kisogo chake. Kikiwa chekundu namna ile, mtu kamdhalilisha.

Mafua yale kijiji kizima cha Holtervoort kiliyajua. Yalikuja na gari jeupe la Frits Wolterink, mwenye duka la makabati ya jikoni na mwenyekiti wa klabu kubwa ya mji wa jirani, Graafbeek. Wiki nzima Wolterink alipita nyumba hadi nyumba akisainisha wachezaji wa Standvast kwa msimu ujao. Kila aliyesaini aliahidiwa viatu vipya, akaombwa jambo moja tu dogo: Jumapili asionekane uwanjani.

Jumapili ndiyo ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, Standvast na Graafbeek, hapo hapo Holtervoort. Majira ya baridi Standvast walishashindwa mara mbili kupeleka timu. Wakishindwa mara ya tatu, wanafutwa kwenye ligi. Na mkataba wao na halmashauri ulikuwa mfupi, hata mtoto angeuelewa: uwanja ni wa klabu maadamu timu ya kwanza inamaliza msimu. Isipomaliza, uwanja unarudi halmashauri, na halmashauri wana ramani ya nyumba tayari. Nyumba zinahitaji majiko, na majiko anauza nani? Ndiyo hivyo.

Binti yao Loes aliingia kwa mlango wa nyuma, nywele timutimu kwa upepo wa baiskeli. Yeye alikuwa katibu wa klabu, na tangu sheria iliporuhusu wanawake kucheza na wanaume, alikuwa pia winga wa kulia.

"Mmeona?" alisema. "Mbwa wale!"

"Tumebaki wangapi?" Tonnie aliuliza bila kugeuka.

"Jurre golini. Nidal. Mapacha wa fundi bomba. Mwalimu Hein. Na mimi. Sita, baba. Chini ya saba, mwamuzi hapulizi hata kipenga."

"Basi saba. Mimi nipo."

Dinie aliangua kicheko, kisha akaona kuwa mumewe hacheki. "Wewe? Mtu unashuka ngazi kwa makalio kwa ajili ya hilo goti?"

"Nimesajiliwa. Ni mchezaji halali."

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa ugomvi wa zamani wa nyumba ile. Tonnie aliwahi kugundua kwamba ada ya familia nzima, wote wakiandikishwa kama wachezaji, ilikuwa nafuu kidogo kuliko kulipia mchezaji mmoja na mashabiki wawili. Nafuu yenyewe haikununua hata keki. Lakini Tonnie alikuwa mtu ambaye hawezi kulala akijua kuna senti imeachwa njiani, basi akawaandikisha wote: yeye mwenye goti bovu, Loes, na Dinie, ambaye maisha yake yote alikuwa hajapiga mpira ila ule uliovunja dirisha lake, na huo aliupiga kwa ufagio. Hata picha ya kitambulisho chake alipigwa nyuma ya kaunta ya kantini ya klabu, anakouza kahawa na soseji, amevaa aproni, ameshika koleo la kugeuzia soseji.

"Mimi kwenye orodha ya wachezaji wa kesho naandika kila mwenye miguu," Loes alisema, na kuanza kubonyeza simu yake kwa hasira.

Dinie alirudi kwenye viazi vyake. Hakulitilia maanani neno lile.

Jumapili alifungua kantini mapema, akawasha mashine ya kahawa na karai la mafuta, akafuta meza ambazo alishazifuta. Nyuma ya kaunta ilining'inia picha ya waanzilishi: vijana wa kiwanda cha matofali, wamesimama kwenye malisho ya ng'ombe bila mpira. Mpira ulichukuliwa na msimamizi wao, kwa amri ya tajiri aliyetaka watu wake wapumzike Jumapili ili Jumatatu wawe na nguvu. Vijana hawakuondoka. Walisimama palepale, kila mtu kwenye nafasi yake, mpaka msimamizi akaona haya, akaurudisha. Ndipo klabu ikaitwa Standvast, yaani simama imara. Babu yake Tonnie ni yule wa pembeni mwenye masikio makubwa.

Wolterink aliingia amevaa koti la klabu yake, manukato yakimtangulia. Stijn alikuwa nyuma yake, kijana wa miaka ishirini na mbili, mikono mifukoni, macho chini. Mgonjwa wa mafua kabisa.

"Habari za leo, mama Dinie! Kahawa mbili. Nalipa kwa kadi."

"Mashine ya kadi mbovu."

"Bado tu? Kwetu mambo yote kwa simu siku hizi." Alitoa noti akaitupa kauntani, akajichukulia yeye peke yake biskuti mbili kutoka kwenye kopo.

"Moja, Wolterink."

"Nini?"

"Kikombe kimoja, biskuti moja. Hapa ndivyo tunavyoishi. Rudisha hiyo."

Wolterink alicheka, akairudisha biskuti huku akiwatazama watu ili nao wacheke. Wawili watatu walicheka. "Sikiliza," alisema, sasa kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka. "Mambo haya yakiisha, njoo kwenye kantini yetu. Mtu mchapakazi kama wewe hatakosa nafasi. Tuna mashine ya kuosha vyombo. Utapumzisha hiyo mikono."

Dinie aliitazama mikono yake juu ya kaunta. Ilikuwa myekundu, kweli, na vidole vimevimba. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Alimsukumia Stijn kikombe chake na biskuti moja.

"Pole kwa mafua, mwanangu," alisema.

Stijn alikunywa kahawa ile kama dawa ya minyoo. Mtoto huyu Dinie alimlisha kroketi, vitonge vya nyama vya kukaanga, tangu akiwa hafiki kaunta, siku mama yake alipokuwa zamu ya hospitali.

Nje, Wolterink alitembea na bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa, wakipima kwa hatua kutoka kona hadi nusu ya uwanja. Maneno yao yaliingia dirishani vizuri tu. "Jiko hapa litatazama kusini," Wolterink alisema, amesimama juu ya alama ya penalti. "Jua asubuhi mpaka jioni."

Mwamuzi alikuwa Bouwhuis, mfuga nguruwe wa makamo, mtu asiyependelea hata mama yake mzazi. Aliwahesabu Standvast kwa kidole. Saba. Akapuliza.

Tonnie alisimama katikati ya mabeki, tumbo limebana jezi, akielekeza kwa mikono kama askari wa barabarani. Saba dhidi ya kumi na mmoja, mpira haukuwa mpira, ulikuwa mafuriko. Goli la kwanza liliingia kabla Dinie hajamaliza kugeuza soseji, na la pili likafuata papo hapo. Mzee aliyesimamia ubao wa magoli, ule wa mbao wenye vibao vya kutundika, alikuwa hana nafasi ya kuwasha sigara.

"Simameni!" Tonnie alipiga kelele. "Hatutafuti goli! Tunatafuta kumaliza!"

Nusu saa hivi ilipopita, alimkimbilia winga wao, akageuka, na goti likagoma. Kantini nzima ilimsikia akipiga yowe. Dinie alitoka mbio na koleo mkononi. Alimkuta amelala chali, uso mweupe, na Loes amepiga magoti kichwani kwake.

"Nisimamisheni," Tonnie alikuwa anasema. "Nisimamisheni tu. Nikisimama yatosha." Walimsimamisha, akaanguka tena.

Bouwhuis aliitazama saa yake. "Pole sana, Tonnie. Mmebaki sita. Kama hamna mwingine, inabidi nimalize hapa."

Kwenye uzio, Wolterink alikuwa ameshatoa simu. "Basi, jamani!" aliwaita vijana wake. "Mmefanya vizuri. Bafuni!"

"Yupo mwingine!" Loes alisema.

"Nani?"

"Soma orodha. Namba kumi na nne."

Bouwhuis alitoa simu yake, akatelezesha kidole, akasimama. Alitazama picha, akamtazama Dinie, akatazama koleo kwenye picha, akatazama koleo mkononi. "Ni yeye," alisema. "Halali kabisa."

Mtu mmoja wa Graafbeek aliinama akishika mbavu kwa kicheko. "Jamani, wanaingiza soseji!"

"Dinie, hapana," Tonnie alisema kutoka kwenye nyasi. "Una miaka hamsini na saba. Watakuumiza. Acha. Basi, imekwisha, acha." Alikuwa analia, na hakuficha.

Dinie hakuwahi kumwona akilia kwa sababu ya uwanja huu. Hata alipozikwa baba yake hakulia hivi. Alimtazama, kisha akamwona Wolterink kwenye uzio akiandika kwenye simu, anatabasamu. Aliyakumbuka yale maneno ya mikono. Hasira iliyomkwama tangu asubuhi ikashuka miguuni, ikatulia huko.

"Miaka yote hii nimelipiwa ada ya mchezaji," alisema. "Leo naidai haki yangu. Vua viatu, Tonnie."

"Dinie..."

"Vua, mume wangu. Unajua vinanitosha."

Vilimtosha sawasawa. Miguu mikubwa ya Dinie ilikuwa mzaha wa kila sikukuu kwao, na leo hakuna aliyetania. Loes alimfunga kamba, akamvalisha vikinga vya ugoko, akamvua Tonnie jezi iliyolowa jasho. Dinie aliivaa juu ya blauzi yake, akamkabidhi mumewe koleo na aproni.

"Soseji zisiungue," alisema.

Walimweka pembeni kabisa, karibu na uzio wa kantini, mahali ambapo mpira ungepita mara chache. "Usifanye kitu, mama," Loes alimwambia. "Simama tu. Usitoke."

"Kusimama nimezoea. Ndiyo kazi yangu."

Vijana wa Graafbeek, wengi wao, walikuwa na heshima, wakampitia mbali. Lakini mmoja alipomkaribia mno, Dinie alimvuta jezi bila hata kufikiri, na Bouwhuis akapuliza, akamwonya kama anavyomwonya mtu yeyote. Kwa onyo lile Dinie alijisikia mtu kamili. Magoli yaliendelea kuingia. Lilipoingia la kumi, mzee wa ubao alikaa chini na kuwasha sigara yake.

"Ni kumi!" Wolterink alipiga kelele. "Weka kumi!"

"Ubao wetu unaishia tisa," mzee alisema.

"Huu ni utani gani?"

"Hatukuagiza zaidi. Hatukuwahi kuhitaji."

Mapumzikoni hapakuwa na wa kuwapelekea Graafbeek chai, maana mpeleka chai, Dinie mwenyewe, alikuwa amelala kwenye benchi la wachezaji, miguu juu ya kreti. Kipindi cha pili Wolterink alibadilisha maneno yake. Sasa alitembea kwenye mstari akiwaambia vijana wake waupeleke mpira upande ule, upande wa mama. "Pigeni huko! Mtu akiwa uwanjani ni mchezaji, hakuna cha mama hapa!"

Mshambuliaji wao, jitu la mabega mapana, alisikia. Alipiga mpira kwa nguvu zake zote, ukamkuta Dinie tumboni. Alianguka kama gunia. Hewa ilimtoka yote, akawa anaona nyasi kwa karibu na sisimizi mmoja akipanda jani. Alitaka kulala pale. Lo, alitamani sana kulala pale.

"Mtoeni jamani!" Wolterink alikuwa anasema. "Mwanamke wa watu atakufa!"

Bouwhuis aliinama. "Mama Ruesink. Unaendelea au unatoka? Ukitoka, unajua."

"Ngoja nipumue."

"Pumua."

Alipumua. Aliweka goti moja, kisha la pili. "Yule namba saba," alisema, akimwonyesha Loes kwa kidevu, "nilimzaa ana kilo tano. Mpira ni kitu gani?" Akasimama. Kule kwenye benchi Tonnie alipiga koleo kwenye kreti, na kreti likaitika, na watu wa Holtervoort kwenye uzio wakaanza kupiga mabango ya matangazo kwa viganja.

Stijn alikuwa upande wa pili wa uzio, hatua mbili kutoka kwake. Dinie alimgeukia, mkono tumboni. "Mafua yanaendeleaje, mwanangu?"

Kijana alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Mama Dinie, mimi..."

"Usiniambie mimi. Nina kazi hapa."

Baadaye kidogo Nidal, ambaye usiku alikuwa ameoka mikate ya kijiji kizima bila kulala, alibanwa na misuli akaanguka. Dinie alimfikia wa kwanza, akamkanda shavu la mguu kwa ile mikono yake myekundu kama anayekanda unga.

"Siwezi, mama," Nidal alisema.

"Unaweza. Huendi popote. Ukienda wewe, tunakwenda sote."

Aliinuka. Mwalimu Hein alikuwa anatapika kwenye kona na kurudi. Mapacha walikuwa wanatembea tu. Jurre aliacha kuruka, akawa anaokota mpira wavuni na kuurudisha polepole, akiufuta kwanza kwa jezi, kila mara, kwa utaratibu, mpaka Graafbeek wakaanza kutukana. Wala hawakuwatukana Standvast. Walikuwa wanatukanana wenyewe kwa wenyewe. Hakuna kinachochosha kama kumpiga mtu asiyeondoka.

Bouwhuis alipopuliza kipenga cha mwisho, alifanya kitu ambacho hakikuwa lazima. Alinyoosha kidole na kuwahesabu Standvast tena, kwa sauti, mmoja mmoja, mpaka saba. Kisha akaandika.

Tonnie aliruka kwa mguu mmoja hadi mstarini, mfuko wa kroketi za barafu umefungwa kwenye goti. Alimkumbatia mkewe na tope lake lote, akabaki hivyo.

"Soseji zimeungua?" Dinie alimuuliza sikioni.

"Zote."

"Nilijua."

Kantini ilijaa. Saba wale waliketi meza ya katikati na viatu vyao vya tope, jambo ambalo siku nyingine Dinie angewatimua kwa ufagio. Yeye mwenyewe alikaa kichwani pa meza.

Graafbeek walipanga foleni kauntani, wana kiu. Nyuma ya kaunta hapakuwa na mtu. Wolterink aligonga ubao kwa funguo za gari.

"Jamani, hakuna huduma hapa? Mama Dinie! Kahawa!"

"Mimi leo ni mchezaji," Dinie alisema. Hakupaza sauti, lakini kelele zilishuka. "Umesema mwenyewe, mtu akiwa uwanjani ni mchezaji. Mchezaji akimaliza mechi anakaa, anahudumiwa."

"Nani atauza sasa?"

"Mashine ya kahawa iko kulia. Ukimaliza, ufute kaunta."

Mtu mmoja alicheka, halafu wengine, na waliocheka kwa nguvu zaidi walikuwa wachezaji wa Wolterink mwenyewe. Yule mshambuliaji wa mabega mapana alivua kofia, akamwinamia Dinie kidogo, akasema pole. Wolterink alisimama na funguo zake. Alitazama saa, akasema kitu kuhusu mkutano, akatoka. Hakuna aliyemsindikiza. Gari jeupe liliondoka likirusha kokoto.

Stijn ndiye aliyebaki amesimama katikati ya chumba, kati ya meza na kaunta, hajui awe wapi. Kisha akaenda nyuma ya kaunta.

"Mama Dinie," aliita. "Aproni iko wapi?"

"Muulize mwenyekiti. Yeye ndiye aliyeivaa."

Tonnie aliivua, akampa, akimtazama usoni kwa muda kabla ya kuiachia. "Karatasi ya Wolterink umeshasaini," alisema.

"Nilisaini. Kesho nakwenda kuifuta. Nikishindwa, nitakaa msimu mzima nje, nitakata nyasi."

"Mashine ya kukata nyasi ni nzito kuwaka," Tonnie alisema. "Njoo Jumanne."

Stijn aliwasha mashine ya kahawa. Kikombe cha kwanza alikileta meza ya katikati, akakiweka mbele ya Dinie. Kisha akafungua kopo la biskuti, akalisogeza kwake, na kuliacha wazi kabisa.

"Chukua, mama. Chukua mbili. Chukua zote."

Dinie alichukua moja. Akalifunika kopo, akalibana mfuniko kwa kiganja mpaka ukaingia.

"Moja inatosha," alisema. "Tuna msimu mzima mbele yetu."